Nusu Kilo Ileile, Kifyatulio Kingine

Kabla ya shindano la bastola ya hewa la mita 10, mkaguzi huielekeza bastola juu, kisha hutumia kifyatulio chake (triga, kama wengi wanavyokiita) kunyanyua uzani wa gramu 500 kutoka mezani. Uzani ukiinuka na bastola isifyatuke, imepita. Kwa kuwa kanuni ya kimataifa hairuhusu kushuka chini ya nusu kilo hiyo, mtu angeweza kudhani kwamba wabunifu wa vifyatulio hawakubakiwa na kazi. Historia inaonyesha kinyume chake. Kidole bado kinavuta nusu kilo ileile. Kilichopungua, na kupungua sana, ni mzigo uliojificha nyuma ya kifyatulio. Kwa maoni yangu hayo ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote katika silaha hii, na asiyeyaelewa hawezi kuirekebisha ipasavyo.

Tuanze na Feinwerkbau 65, bastola ya Kijerumani iliyotengenezwa Oberndorf na kutamba kwa miaka mingi. Nguvu yake ilitoka kwenye springi nzito inayosukuma pistoni. Pistoni hiyo ilizuiliwa na jino dogo la chuma, na jino hilo ndilo lililoibeba nguvu yote ya springi hadi kidole kilipoliachia. Ugumu uko hapo. Kadiri nyuso mbili za chuma zinavyokandamizana ndivyo msuguano unavyokua, na msuguano hauachi taratibu: hung'ang'ania, kisha hukatika ghafla. Wahandisi waliweka nyenzo kadhaa kati ya kidole na jino ili kuigawa nguvu hiyo, na walifanikiwa kiasi kwamba swichi moja iliweza kuuhamisha uzito wa kifyatulio kutoka gramu 500 hadi 1,360 kwa mazoezi ya bastola kubwa. Ulikuwa ufundi wa hali ya juu. Hata hivyo, kila wenzo ulioongezwa ulileta ekseli nyingine ya kuchakaa na uso mwingine wa kusuguana.

Bastola za mtungi zilizoenea miaka ya 1990 zililiondoa tatizo lenyewe. Hewa inakaa tayari imebanwa, kwa kawaida hadi bar 200, na kinachohitajika ni nyundo nyepesi ya kugonga vali. Jino sasa linashikilia nyundo tu. Morini CM 162EI ilikwenda mbali zaidi: kidole hufunga swichi ya umeme, na sumaku-umeme ndiyo inayofanya kazi. Hapo uzito wote ambao mlengaji anauhisi umetengenezwa makusudi kwa springi ndogo, kwa sababu kanuni inaudai.

Je, basi kila anayetaka ushindi anunue ya umeme? Sidhani. Kama hoja yangu ni sahihi, faida kubwa ilipatikana mzigo ulipohama kutoka springi nzito kwenda nyundo nyepesi. Hatua ya kutoka nyundo kwenda umeme ni ndogo zaidi, na ndiyo maana bastola zisizo na betri hazijatoweka kwenye mashindano makubwa. Pingamizi zito zaidi ni la makocha wanaosema kwamba yote haya ni kidole na mazoezi. Wana haki kwa sehemu kubwa. Lakini tupige hesabu. Duara la pointi 10 lina kipenyo cha milimita 11.5. Alama ya kulengea ya nyuma na ya mbele zikiwa zimeachana milimita 330, alama ya mbele ikihama takriban moja ya tano ya milimita tu, tundu linatoka kitovuni hadi mpakani mwa duara. Kifyatulio kinachokwama kabla ya kuachia hukifundisha kidole kuongeza nguvu ghafla, na mazoezi mengi juu ya kifyatulio cha aina hiyo yanakomaza kosa.

Ndiyo maana ni vyema marekebisho yaanze na mgawanyo wa nusu kilo, si jumla yake. Hatua ya kwanza, ile safari laini kabla ya kidole kufika kwenye ukinzani, inaweza kubeba gramu 350 au 400, na hatua ya pili ikabeba zilizobaki. Hatua ya pili ikiwa nyepesi mno, kidole kitaivuka bila kuitambua na risasi itatoka kabla ya wakati. Jino likishika kidogo mno, mtikisiko tu unaweza kuifyatua bastola, na hilo ni jambo la usalama kabla ya kuwa la pointi. Mahali pa kidole napo pana uzito wake: ekseli ya kifyatulio ikiwa juu, kidole kilichowekwa chini zaidi huvuta kwa nguvu pungufu, kwa kuwa mkono wa wenzo umerefuka. Bastola iliyopita ukaguzi inaweza kuonekana nzito au nyepesi kwa sababu hiyo tu.

Mwisho hurekebishwa skrubu ya kikomo, inayokizuia kidole kisiendelee kurudi nyuma baada ya jino kuachia, wakati risasi ingali mtutuni. Wengi huikaza mno wakitafuta kifyatulio kinachosimama papo hapo. Matokeo yake jino halitoki lote njiani, nyundo inalisugua inapopita, na ule mkwaruzo uliochukua karibu miaka 30 kuondolewa unarudishwa kwa robo mzunguko wa bisibisi.