Timu ya Kiwanda, Kiwanda Kikizima

Bull Durham ilitoka mwaka wa 1988, kabla wengi wetu hatujazaliwa. Inahusu besiboli, mchezo ambao hapa Lugulu ukiutaja utaulizwa kama ni ule wa rungu. Lakini mtu akiniuliza ni filamu gani inayoeleza vizuri zaidi maisha ya mpira katika miji midogo kama Webuye, Bungoma na Kitale, nitamtajia hii. Halafu nitamwambia mahali inapotuacha.

Kisa chenyewe ni chepesi. Crash Davis (Kevin Costner) ni mdakaji mkongwe anayeletwa kwenye timu ya daraja la chini huko Durham, North Carolina, ili amlee mrushaji chipukizi anayeitwa Nuke (Tim Robbins), kijana mwenye mkono wa dhahabu na kichwa kitupu. Annie (Susan Sarandon), shabiki anayeuchukulia mchezo kama dini, anawatazama wote wawili. Nuke atapanda ligi kuu. Crash hatapanda. Katika maisha yake yote aliwahi kukaa ligi kuu siku 21 tu, na bado anazihesabu.

Ron Shelton, aliyeiandika na kuiongoza, alicheza katika ligi hizo ndogo mwenyewe, na hilo linaonekana. Hakuna mechi ya fainali inayookoa kila kitu dakika ya mwisho. Kuna safari ndefu za basi, utani wa wachezaji waliochoka, na mtangazaji wa redio anayekaa studioni na kuiigiza mechi ya ugenini kana kwamba anaiona. Crash anavunja rekodi ya ligi ndogo, na karibu hakuna anayejua. Nuke akipandishwa tu, klabu inamwita Crash na kumwachisha kazi. Kazi aliyoletewa imeisha, asante, kwaheri.

Huyo Crash tunaye. Ni yule beki wa miaka 33 anayeendesha boda asubuhi na kufanya mazoezi jioni, anayewaelekeza vijana wa miaka 18 wasimame wapi kwenye kona, akijua skauti akija hatakuwa amemjia yeye. Filamu inampa heshima bila kumwonea huruma, na ni filamu chache sana za michezo zinazoweza hivyo.

Sasa malalamiko yangu. Katika filamu nzima kila mtu ana wasiwasi juu yake mwenyewe: nitapanda, nitashuka, nitaachwa? Hakuna hata mmoja mwenye wasiwasi juu ya timu. Kwamba Durham Bulls watakuwepo msimu ujao ni kama kwamba jua litachomoza. Mwenye timu si mhusika wa maana, na hatujui anapata pesa wapi au atazichoka lini. Filamu inajua sana mchezaji anavyopoteza kazi. Mji unavyopoteza timu haijui kabisa.

Hata kwao imani hiyo haikudumu. Kufikia msimu wa 2021, wakuu wa besiboli ya Marekani walikuwa wamepunguza timu ndogo zilizofungamana na ligi kuu kutoka 160 hadi 120. Miji kadhaa iliambiwa tu kwamba haimo tena kwenye mpango.

Huku kwetu mpango wenyewe huwa ni kiwanda. Webuye ilikuwa na Pan Paper, timu ya kiwanda cha karatasi. Mwaka wa 2009 kiwanda kilifungwa, na leo jina hilo linaishi midomoni mwa wazee. SoNy Sugar ya Awendo ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka wa 2006. Mwaka wa 2019, msimu ambao ligi ilibaki bila SportPesa kama mdhamini, timu hiyo hiyo ilifukuzwa ligini baada ya kushindwa kufika kwenye mechi tatu. Nzoia Sugar yetu iliingia ligi kuu mwaka wa 2017, ikawa inawapokea Gor na Ingwe uwanjani Sudi, kisha ikashuka msimu wa 2023/24. Msimu huo huo, tarehe 1 Juni 2024, Bungoma iliandaa sherehe za Madaraka katika uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi. Mji ulipata uwanja wa kupokelea rais na ukapoteza timu ya ligi kuu.

Mei 2025 serikali ikakikodisha kiwanda cha Nzoia kwa West Kenya Sugar kwa miaka 30. Katika mabishano yote niliyoyasikia huku, watu waliuliza kuhusu bei ya miwa, mishahara iliyolala na ardhi. Ni haki yao, huwezi kula goli. Lakini sikusikia mtu akiuliza: na timu, hiyo ni ya nani?

Na si kwamba mpangaji mpya hajui michezo. West Kenya ndio wenye Kabras Sugar, timu ya raga ya Kakamega iliyotwaa Kenya Cup zaidi ya mara moja. Timu ya kampuni inaweza kutunzwa vizuri sana. Shida ni kwamba imetundikwa kwenye msumari mmoja, na msumari si wako.

Jina la filamu lingeweza kutufundisha hapa, kama filamu ingejali kulieleza. Bull Durham ilikuwa chapa ya tumbaku. Timu ilichukua fahali wa pakiti ya tumbaku, tumbaku ikaja ikapotea madukani, fahali akabaki uwanjani. Sisi tuna mfano wetu hapo Kisii. Shabana, iliyoanzishwa mwaka wa 1980, ina jina la duka la vifaa vya ujenzi. Ilishuka mwaka wa 2006, ikazunguka ligi za chini miaka 17, na iliporudi ligi kuu mwaka wa 2023 Gusii nzima ilikuwa nyuma yake. Nani alikuwa anafikiria misumari na mabati? Watu walikuwa wameshalinyakua jina.

Nzoia hatukuinyakua, na hilo si kosa la kiwanda peke yake. Moyo wa Bungoma uko kwa AFC Leopards, iliyoanza mwaka wa 1964 kama Abaluhya United, na Jumamosi iliyobaki ni ya Arsenal, kwenye vibanda vya kuonyeshea mpira. Najua pia kuwa timu ya watu si dawa ya kila kitu: Ingwe imekuwa na madeni, na FIFA imewahi kuizuia kusajili wachezaji. Lakini angalia tofauti. Ingwe ikiwa na deni, kuna watu wanaofoka, wanaochanga, wanaotukana viongozi mitandaoni. Nzoia iliposhuka, watu wa stejini waliguna mara moja wakaendelea kungoja abiria.

Mwishoni mwa filamu Crash amemaliza kucheza. Anarudi kwa Annie, wanakaa barazani mvua ikinyesha, naye anataja kwamba huenda kuna nafasi ya ukocha katika timu nyingine ndogo, Visalia, mbali huko California. Ni mwisho mtamu na ninaupenda. Ila utamu wake wote unategemea kitu ambacho filamu haikujishughulisha kukichunguza: kwamba mahali fulani, mji mdogo bado una timu, na timu ina benchi linalomngoja mtu kama yeye.

Crash wa Webuye akimaliza kucheza, atakwenda benchi gani?