Buriani ya Enterprise

Katika Kiswahili, mtu atakaye buriani haagi tu. Huomba radhi kwa yaliyopita, ili waachanao wasiachane kwa kinyongo. Hicho ndicho kipimo kiifaacho filamu Star Trek VI: The Undiscovered Country, iliyoongozwa na Nicholas Meyer na kutolewa Desemba 1991. Ndiyo ya mwisho iliyowakusanya wachezaji wote saba wa mchezo wa televisheni ulioanza Marekani mwaka 1966. Mwasisi wa mchezo huo, Gene Roddenberry, alifariki Oktoba 1991, nayo filamu ikatolewa kwa kumbukumbu yake.

Kisa chenyewe ni cha sulhu. Mwezi uliowapatia Waklingoni nishati yao umelipuka, na dola yao haimudu tena gharama za vita. Nahodha Kirk, ambaye mwanawe aliuawa na Mklingoni katika filamu ya mwaka 1984, anatumwa kumsindikiza mkuu wa dola hiyo ajaye kutafuta amani. Hapana shaka watazamaji waliona humo Chernobyl, na Muungano wa Sovieti, ambao ulivunjika mwezi ule ule filamu ilipotoka. Ubora wa kisa ni kwamba Kirk hapambwi. Chuki yake yawekwa wazi, hata maneno aliyoyasema faraghani yakawa ushahidi dhidi yake mahakamani. Naye aikanapo chuki hiyo, ndipo astahilipo kupumzika.

Kasoro iko kwingine, na msomaji wa Kiswahili ataitambua upesi. Jina la Uhura, ofisa wa mawasiliano aliyechezwa na Nichelle Nichols, limetokana na neno uhuru, na katika kipindi kimoja cha mwaka 1967 alisikika akisema Kiswahili. Lakini katika filamu hii, chombo kiingiapo katika mipaka ya Waklingoni na kuulizwa na kituo cha ulinzi, Uhura na wenzake wanapekua vitabu vya lugha na kujibu kwa maneno ya kubabaisha. Hoja itolewayo ni kwamba mtambo wa kufasiri ungetambulika. Hoja hiyo yaeleza kwa nini mtambo haukutumika. Haielezi kwa nini mjuzi wa kazi yake, baada ya miaka mingi, hakujifunza lugha ya adui aliye jirani. Tena Kiklingoni kilikuwa na sarufi, iliyotungwa na mwanaisimu Marc Okrand, na kamusi yake ilichapishwa mwaka 1985. Lugha ilikuwapo, Uhura ndiye aliyenyimwa.

Mwishoni saini za wachezaji saba zaonekana juu ya nyota, moja baada ya moja, na ni vigumu kuzitazama bila huzuni. Nichols mwenyewe alifariki mwaka 2022. Kirk aliondoka akiwa amesafisha moyo wake. Sulu aliondoka na chombo chake mwenyewe, Excelsior. Uhura alipewa kwaheri, wala hakutakwa radhi.