Ukikata, Ujue Unachokata

Pikipiki ya marehemu baba ni Honda CG125, nyekundu kwa wale wanaoikumbuka. Baba alikuwa bwana shamba Kilosa, na mradi aliokuwa akiufanyia kazi ulipofungwa wakamuuzia kwa bei ya kutupa. Alipofariki, pikipiki ilikaa miaka sita uani kwa mama, imefunikwa turubai, kuku wakitaga chini yake. Mwaka jana, baada ya kukesha na picha za mtandaoni usiku mwingi kuliko ninavyopenda kukiri, nikaamua kuigeuza kafe resa.

Picha zenyewe huenda mmeziona. Pikipiki ya zamani imevuliwa kila kitu: madigadi hakuna, keria hakuna, usukani umeshushwa, siti imebaki kipande kifupi cha ngozi ya kahawia chenye kinundu nyuma. Inapendeza, nisiwe mnafiki.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja Morogoro, mzee aliyeanza kufungua injini mimi sijazaliwa. Nikamwamkia, nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaivuta kwa vidole ili ikue, akaitazama weee, kisha akauliza:

"Sasa binti, wa nyuma atakaa wapi?"

"Hakuna wa nyuma, mzee. Hii ni ya mtu mmoja."

Akaguna. Hakuongeza neno. Anayewajua mafundi wazee anajua kwamba mguno wao ni uhakiki kamili. Nimeufikiria kwa miezi kadhaa sasa, na makala haya ni jaribio la kuujibu, kwa sababu naona unatuhusu hata sisi tusioshika spana, sisi wa mashairi na vitabu.

Tuanzie zilikotoka. Kafe resa ni mtoto wa Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960. Vijana wa familia za wafanyakazi, wenye mshahara wa kwanza mfukoni na pikipiki ya mkopo, walikuwa wakikusanyika kwenye mikahawa ya kando ya barabara kuu. Uliovuma kuliko yote ni Ace Cafe, kwenye barabara ya North Circular, kaskazini-magharibi mwa London. Ulifunguliwa mwaka 1938, mabomu ya vita yakaubomoa, ukajengwa upya 1949, ukafungwa 1969, na ukafunguliwa tena 2001. Vijana walishindana kutoka mkahawa hadi mkahawa, na ndoto ya kila mmoja ilikuwa kufikisha maili 100 kwa saa, yaani kama kilomita 160. Hadi mwishoni mwa 1965, barabara za nje ya miji hazikuwa na kikomo cha mwendo. Wengi walifika walikokuwa wakienda. Wengine hawakufika, na hao kwenye picha za mtandaoni hawamo.

Pikipiki iliyobeba jina la enzi hiyo ni Triton, na mimi naihesabu kuwa kazi ya sanaa. Haikuzaliwa kiwandani. Norton walikuwa na fremu bora, Featherbed, iliyobuniwa na Rex McCandless na kuingia mashindanoni mwaka 1950. Triumph walikuwa na injini ya silinda mbili, ya ukoo ulioanza na Edward Turner mwaka 1937. Sasa, madereva wa vigari vidogo vya mashindano vya sisi 500 walikuwa wakiitamani injini ya Norton, na kwa kuwa kiwanda hakikutaka kuuza injini peke yake, walinunua pikipiki nzima, wakang'oa injini, fremu ikabaki yatima. Kijana mwenye injini ya Triumph akaiokota. "Tri" ikatoka huku, "ton" ikatoka kule. Mwaka 1965 Dave Degens na Rex Butcher walishinda mashindano ya saa 24 ya Barcelona kwa mashine ya namna hiyo.

Itazameni Triton kama mnavyotazama shairi. Usukani umeshushwa ili kifua kilale juu ya tangi na upepo upite. Vikanyagio vimerudishwa nyuma kwa sababu ukilala hivyo miguu haina pengine pa kwenda. Siti ni ya mtu mmoja kwa sababu abiria ni uzito. Kila kilichoondolewa kina sababu, na kila kilichobaki kimeongezewa kazi. Umbo limetoka kwenye haja.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Euphrase Kezilahabi. Sheikh Amri Abedi alikuwa ameshatuwekea sheria za utunzi kitabuni mwaka 1954, vina na mizani vikiwa ndiyo nguzo. Mwaka 1974 Kezilahabi akatoa Kichomi, na mashairi yake hayakuwa na vina wala mizani. Ugomvi uliofuata mnaujua: wapo waliosema hayo si mashairi kabisa. Lakini Kezilahabi hakukata kwa kutojua. Alikuwa msomaji makini wa Shaaban Robert, akaandika juu yake. Alichokiacha alikijua. Nadhani alikuwa na mashaka na upweke ambao kina kingeutuliza kabla haujauma. Akaondoa kina, na mzigo wote ukaangukia taswira na pumzi ya mstari. Zikaubeba.

Sasa rudini kwenye kafe resa za leo. Matairi ya meno makubwa, ya kupandia matope, yamefungwa kwenye pikipiki ya lami. Bomba la moshi limezungushiwa kitambaa kama mguu uliovunjika. Madigadi yameondolewa, kwa hiyo mvua ya kwanza tu mgongo wote ni tope. Na haiendi kasi zaidi! Hiyo ni nukuu ya kasi. Wametoa vitu, lakini vilivyobaki havijaongezewa kazi yoyote isipokuwa kupigwa picha.

Mashairi huru mengi tunayoandika leo ndivyo yalivyo, na yangu yamo. Neno moja limepewa mstari mzima, si kwa sababu linahitaji ukimya, ila kwa sababu ndivyo mashairi huru yanavyoonekana. Tunavunja mstari kama anayekata madigadi. Eti Kezilahabi alivunja. Ndiyo, yeye alikuwa na pa kwenda.

Nami nilikuwa na pa kwenda? CG125 Honda waliitengeneza miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki inabebeshwa magunia na oili inabadilishwa kwa kuchelewa. Ni mashine ya uvumilivu. Maili 100 kwa saa haifiki hata uisukume kutoka juu ya Uluguru. Nilitaka kuipunguzia uzito ili iwahi wapi?

Jibu nimelipata kwenye kitabu. Mwaka uleule wa 1974, Mmarekani Robert Pirsig alitoa Zen and the Art of Motorcycle Maintenance, safari ya baba na mwanawe Chris kutoka Minnesota hadi California kwenye Honda ya sisi 305. Wengi tunakinukuu kwa falsafa yake ya ubora. Mimi nilikuwa nakipenda zaidi kwa kisa cha kopo la bia. Rafiki wa msimulizi, John, ana BMW ambayo usukani wake unateleza. Msimulizi anapendekeza wakate kipande cha bati la kopo, wakichomeke pale, wakaze. John anachukizwa: BMW yake, kwa kopo la bia? Mmoja anaona bati laini lisiloshika kutu, mwenzake anaona takataka. Yaani swali la uhakiki liko palepale: unatazama kitu kinafanya nini, au kinaonekanaje?

Lakini niliposoma tena safari hii, mguno wa fundi ukiwa bado masikioni, sikuvutwa na kopo. Nilimwona mtoto. Kwa mamia ya kurasa baba anahutubia kuhusu Wagiriki na mantiki, na Chris yuko nyuma. Tumbo linamuuma, ananuna, analia, na anachokiona barabara nzima ni mgongo wa baba yake. Wapo wanaosema kitabu kingekuwa kizuri zaidi bila mtoto huyo msumbufu. Mimi nasema kinyume. Hotuba ile, kwa kweli, kuna mahali inachosha, na ingekuwa peke yake ningeifunga mapema. Ni Chris anayeipa uzito, kwa sababu kila ukurasa baba anaofikiri kwa kina ni ukurasa ambao hamsikilizi mwanawe, na Pirsig anatuachia tuone hivyo. Karibu na mwisho wanavua helmeti, Chris anasimama juu ya vikanyagio, na kwa mara ya kwanza anaona mbele, juu ya bega la baba. Safari nzima ilikuwa ikielekea hapo. Kata siti ya nyuma, unabaki na profesa anayeongea na upepo.

Jioni ile nikampigia mama kumwambia kazi imeanza. Nikamweleza itakavyokuwa. Akakaa kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi sitaipanda tena?"

Hajaipanda tangu baba afe. Lakini kabla ya hapo, kila Jumapili: baba kwenye usukani, mimi juu ya tangi, mama nyuma amekaa upande, kanga imebanwa isiingie kwenye cheni. Mshikaki, kabla sijalijua neno hilo. Nilikuwa nimesahau. Hapana, niseme ukweli: nilikuwa nimehariri.

Maana nina shairi kuhusu baba. Rasimu ya kwanza ilikuwa na mistari arobaini, nikaikata hadi kumi na moja, na waliosoma waliisifu kwamba imekonda vizuri. Usiku ule nikalifungua. Baba yumo, pikipiki imo, vumbi la Kilosa limo. Mama hayumo. Nilimtoa kwenye rasimu ya tatu, nakumbuka na sababu: alikuwa anapunguza kasi ya shairi.

Sisemi tusikate. Nimehariri habari miaka kumi, najua sentensi nyingi zinastahili kisu. Ninachosema ni kwamba ufupi wenyewe si sifa, kama ambavyo pikipiki kuwa nyepesi si sifa kama haiendi popote. Vijana wa Ace Cafe walimwondoa abiria wakijua wanachokinunua kwa nafasi yake, na wengine walikilipia kwa roho zao. Mimi nilimwondoa abiria kwa sababu ya picha.

Asubuhi nikampigia fundi. "Shikamoo mzee. Siti usiikate."

"Siti bado," akasema. "Keria nimeshaitoa, ila iko hapa, nairudisha. Madigadi ya nyuma ndiyo nimeshaikata, hiyo pole."

Tukapata madigadi nyeusi ya bodaboda ya Kichina. Iliingia bila taabu, maana nyingi za Kichina zimenakiliwa kutoka kwenye CG hiyohiyo. Nilipoweka picha kwenye kundi letu la wapenda pikipiki, mmoja akaniandikia kwamba hiyo si kafe resa. Sawa.

Shairi limerudi hadi mistari ishirini na sita na bado halijakaa. Ule mstari wa mama na kanga ni mzito, unanishinda, ila siutoi. Pikipiki nayo imebadilika tena wiki iliyopita. Nilimpeleka mama kanisani, mwendo wa taratibu, na tuliporudi nikamwomba fundi aurudishe usukani juu. Mama anasema nikiinama vile hapati pa kunishika.