Ufundi wa Kutopoteza

Vilima vya Kyerwa na Karagwe, ambako bati limechimbwa tangu enzi za ukoloni, vimo katika ukanda ambao wanajiolojia huuita Karagwe-Ankole. Miamba yake ina bati, tungsteni, niobi na tantali. Tungsteni iliyovikwa tantali ndiyo shabaha inayopigwa na protoni ili itoe nyutroni katika kituo cha ISIS, Uingereza, kilichoanza kazi hiyo mwaka 1984. Mashine za kuzipa protoni hizo kasi husifiwa kwa nguvu zake. Mimi nawasifu wasanifu wake kwa namna wanavyozuia upotevu.

Mfano ni kituo cha SNS, Oak Ridge, Marekani, kilichosanifiwa kubeba mwale wa protoni wa wati milioni 1.4. Kipimo cha wasanifu ni kwamba kila mita ya njia isipoteze zaidi ya wati moja hivi. Protoni zikichepuka hugonga bomba na kulitia mionzi, na fundi wa matengenezo hawezi tena kulisogelea. Ndiyo maana safari huanza na hidrojeni yenye elektroni mbili. Kwa kuwa chaji yake ni hasi, sumaku huikunja kinyume cha protoni, hivyo huingizwa juu ya njia ileile ya protoni zinazozunguka bila kuzisukuma nje. Hapo hupita kwenye utando mwembamba wa kaboni, elektroni zikabanduliwa, ikabaki protoni. Baada ya mizunguko kama elfu moja, mkusanyiko wote huachiwa kwa muda usiofika sehemu moja ya milioni ya sekunde, mara 60 kila sekunde.

Wapo watakaosema kwamba kinu cha nyuklia hutoa nyutroni mfululizo, bila hangaiko hili. Ni kweli, lakini pigo fupi huonyesha saa ya kuondoka. Nyutroni ikifika, muda wa safari hueleza kasi yake, na kasi hiyo husaidia kufichua mpangilio wa atomi ndani ya kitu kilichochunguzwa. Wengine watauliza mambo hayo yanamhusu nini mtu wa Kayanga au Nkwenda, huku Karagwe na Kyerwa. Yanamhusu, kwa sababu kanuni ya sumaku kukunja njia ya chaji hufundishwa sekondari, na madini kama ya shabaha ile, tungsteni na tantali, yamo katika ukanda wake. Kijana wa huku akifundishwa kupima ubora wa kazi kwa kile isichopoteza, na kumfikiria mapema fundi atakayekuja kuitengeneza, atakuwa ameingia katika ufundi huu kwa mlango wake wa mbele.