Joto Lililomfichua Bakteria wa Tauni

Juni 1894 tauni ilikuwa ikiua watu Hong Kong, na wataalamu wawili waliwasili wakipishana siku tatu tu, wote wakimsaka kimelea mmoja. Wa kwanza ni Shibasaburo Kitasato wa Japani, aliyesomea kazi hiyo Berlin chini ya Robert Koch. Alikuja na wasaidizi, akapokewa hospitalini, akapewa maiti za kupasua na vifaa vya kutosha. Wa pili ni Alexandre Yersin, daktari aliyekuwa akiwatumikia Wafaransa Indochina. Huyu alikuwa na hadubini na vyombo vichache. Maiti alinyimwa. Ikabidi ajengewe kibanda cha nyasi karibu na hospitali, kisha awape fedha mabaharia wa Kiingereza waliokuwa na kazi ya kuzika, wamwache aingie kwa dakika chache kabla majeneza hayajapelekwa makaburini.

Tarehe 20 Juni Yersin alikata mtoki, yaani tezi iliyovimba, wa maiti, akapaka usaha wake kwenye kioo na kuuchungulia. Kioo kizima kilikuwa kimejaa bakteria wa aina moja, wafupi, wenye ncha za mviringo. Alipanda usaha uleule kwenye agari, kisha akawadunga panya na simbilisi, nao wakafa wakiwa na mitoki kama ya binadamu. Akawachunguza pia panya waliokufa ovyo mitaani, akamkuta bakteria yuleyule. Leo jenasi nzima inaitwa Yersinia, jina lililopendekezwa mwaka 1944.

Masimulizi mengi hupenda kumsifu mnyonge aliyemshinda mwenye nyenzo. Mimi naona kilichoamua mambo ni maamuzi mawili ya kimaabara. La kwanza ni mahali pa kuchukua sampuli: Yersin alikwenda moja kwa moja kwenye mtoki, ambako bakteria hurundikana, wakati Kitasato alitegemea sana damu na viungo vya ndani. La pili ni joto. Kitasato alikuwa na inkubeta, akaotesha karibu na joto la mwili, nyuzi 37. Yersin hakuwa nayo, akaziacha sampuli zake zikae katika joto la chumba, na Juni ya Hong Kong ni ya nyuzi 28 hivi. Bakteria wa tauni hustawi zaidi kwa nyuzi hizo 28, ilhali kwa 37 hukua kwa kusuasua na kuwapisha wengine wenye kasi. Watafiti wengi waliokuja baadaye wanaamini kwamba Kitasato huenda alimwona bakteria halisi mwanzoni, lakini sampuli zake zikavamiwa na bakteria wa nimonia. Ndiyo maana maelezo yake yalichanganya sifa: alisema ana mwendo kidogo, na bakteria wa tauni hana mwendo kabisa.

Joto hilo si jambo la maabara peke yake. Ndilo linaloongoza maisha yote ya kimelea huyu. Mwaka 1898 huko Karachi, mtafiti Paul-Louis Simond alionyesha kwamba kiroboto ndiye anayeupeleka ugonjwa kutoka panya hadi panya, na mwaka 1914 watafiti Bacot na Martin wakaeleza namna inavyotokea. Ndani ya kiroboto, ambaye mwili wake una joto la mazingira tu, bakteria hutengeneza utando wenye kunata unaoziba mlango wa tumbo. Kiroboto hunyonya damu isipite, njaa ikamzidi, akauma tena na tena, na kila anapouma hutapika damu yenye bakteria kwenye jeraha. Bakteria akishaingia kwa mnyama na kukuta nyuzi 37, huacha kazi ya utando na kuvaa gamba laini la protini iitwayo F1, linalomkinga asimezwe na chembe za ulinzi.

Hapa pana mtego ambao mtu wa maabara ya mifugo anapaswa kuujua. Vipimo vingi vya haraka vya tauni hutafuta F1. Usaha uliotoka kwa mnyama mgonjwa utakuwa nayo. Lakini bakteria yuleyule ukimwotesha kwa nyuzi 28, joto analolipenda, hatengenezi F1 ya kutosha, na kipimo kinaweza kukataa wakati tauni ipo. Kwa hiyo sahani moja inafaa ikae 28 ili bakteria aote, na nyingine 37 ili avae gamba. Baada ya saa 24 makundi yake kwenye agari ya damu ni vitone vidogo mno, rahisi kupuuzwa. Mtu mwenye haraka ataitupa sahani siku ya pili.

Ndugu za bakteria wa tauni nao hujitambulisha kwa joto. Yersinia enterocolitica, ambaye hukaa kwenye tonsili za nguruwe asiyeonyesha dalili yoyote, na Yersinia pseudotuberculosis, anayeleta majipu kwenye ini na matumbo ya mbuzi, kondoo, simbilisi na ndege, wote huogelea kwa nyuzi 25 na kutulia kwa 37. Wa tauni hatembei popote. Enterocolitica huendelea kuzaana hata kwa nyuzi 4, na kwa hiyo nyama ya nguruwe iliyokaa siku nyingi ndani ya friji si salama kwa sababu tu ni baridi.

Maabara ya kisasa nayo hukosea. Mwaka 2014 huko Colorado, Marekani, mbwa mmoja aliugua homa na kukohoa damu, akalazimika kuuawa kliniki. Siku chache baadaye mwenye mbwa akalazwa na nimonia. Mashine ya utambuzi iliisoma damu yake ikatoa jina la Pseudomonas luteola, bakteria asiyehusika. Ni baada ya hali kuwa mbaya ndipo kipimo kiliporudiwa na tauni ikabainika. Watu wanne waliugua, wakiwemo wafanyakazi wawili wa kliniki ya wanyama, na wote walipona. Mashine hutaja jina lililo karibu zaidi na yale iliyofundishwa. Haiulizi mbwa alilala wapi wala kama alikula panya.

Kisa cha Colorado si cha kawaida, kwa kuwa mbwa kwa kawaida hula panya mgonjwa, hupata homa kidogo na kupona, huku damu yake ikibaki na kingamwili. Udhaifu huo wa ugonjwa ndani ya mbwa umegeuzwa kuwa chombo cha uchunguzi. Lushoto, katika milima ya Usambara ambako tauni ilizuka mwaka 1980 na kurudi tena na tena, watafiti walichukua damu ya mbwa wa vijijini kupima kingamwili za tauni. Mbwa mmoja hula panya wengi kuliko mtego unavyoweza kukamata, hivyo damu yake husema kama bakteria anazunguka eneo hilo hata kabla mtu hajaugua. Paka ni kinyume: huugua vibaya, tezi za shingo huvimba na kutoa usaha, na akipata nimonia humwambukiza anayemshika. Ngamia nao huugua, na Saudi Arabia mwaka 1994 watu waliambukizwa kwa kula ini bichi la ngamia.

Kwa daktari wa mifugo anayefanya kazi Usambara, Mbulu, Ituri au West Nile, ombi langu ni hili. Ukiona paka mwenye tezi zilizovimba shingoni, au panya wakifa ovyo kijijini, vaa glavu na barakoa, nyonya majimaji ya tezi kwa sindano badala ya kumpasua mnyama mezani, na uandike kwenye fomu ya maabara: tauni inashukiwa, otesheni kwa nyuzi 28 na 37, sahani zikae angalau saa 72. Kisha mpigie simu daktari wa watu wa wilaya siku hiyohiyo, usisubiri majibu.