Cyangugu au Rusizi? Uhakiki wa Tovuti ya Kumbukumbu

Hifadhi ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilizinduliwa katika mtandao wa intaneti mwezi Desemba 2010. Waliioanzisha ni Aegis Trust, shirika lisilotafuta faida, pamoja na Kituo cha Kumbukumbu cha Kigali kilichoko Gisozi, wakisaidiwa na maktaba za Chuo Kikuu cha Texas. Humo mmewekwa ushuhuda wa manusura katika video, picha, nyaraka na habari za maeneo ya kumbukumbu. Ni kazi kubwa na hatukusudii kuibeza. Tunauliza swali moja tu, ambalo kila anayepanga tovuti ya aina hii upya hana budi kulijibu: mtu aliyeko Ruhwa, mpakani kabisa, akitaka kujua yaliyotokea kwao mwaka 1994, ataandika neno gani kwenye kisanduku cha kutafutia?

Kwanza ni jina la mahali. Hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006, Ruhwa na uwanda wote wa Bugarama ulikuwa katika mkoa wa Cyangugu. Mageuzi hayo yaliigawa nchi katika wilaya 30, Cyangugu ikafutwa kama mkoa, na eneo hili likawa wilaya ya Rusizi katika Mkoa wa Magharibi. Mzee wa miaka sitini ataandika Cyangugu, pengine na jina la komini yake. Mwanafunzi aliyezaliwa baada ya 2006 ataandika Rusizi, kwa kuwa ndilo alilofundishwa. Nyaraka za 1994 zenyewe hazilijui jina hilo la wilaya. Hata hukumu iliyotolewa Arusha na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda tarehe 25 Februari 2004, ambamo habari za Uwanja wa Kamarampaka na kambi ya Nyarushishi zinatajwa, inajulikana kama kesi ya Cyangugu. Mwanahistoria ana haki ya kupanga nyaraka kwa majina ya wakati wake. Lakini kijana anayetafuta Nyarushishi kwa kupitia Rusizi naye hajakosea. Dawa yake ni ndogo: kila kumbukumbu ibebe majina yote mawili. Ila dawa hiyo haimjii mpangaji aliyekaa Kigali au Texas mpaka amwone mtu wa Bugarama akihangaika.

Hapa ndipo utafiti wa watumiaji unapohitajika. Mwaka 2000 Jakob Nielsen alidai kwamba watu watano tu wanatosha kufichua kasoro nyingi za tovuti. Unampa mtu kazi ya kufanya, unakaa kimya, unaangalia anapokwama. Kwa tovuti ya kuuza tiketi, sawa. Kwa hifadhi hii mbinu hiyo haifai kuchukuliwa ilivyo. Huwezi kumwambia manusura, "tafuta kijiji chenu," kisha ukanyamaza na saa mkononi. Huwezi kumwita katika siku za maombolezo zinazoanza tarehe 7 Aprili. Na video ya ushuhuda ikijifungua yenyewe kwa sauti, kwenye simu ndani ya basi lililojaa, aliyeumizwa si huyo mwenye simu peke yake. Mtafiti wa kweli angeanza na watoto na wajukuu, walimu wa historia na watunzaji wa maeneo ya kumbukumbu, na manusura wangeamua wenyewe kama wanataka kukaa mbele ya kompyuta.

Jambo la pili linatuhusu sisi wa Kiswahili. Tovuti ilipangwa kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mwaka 2010 hilo lilieleweka. Lakini Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na katika kona hii ya nchi, yenye Bukavu upande mmoja na Cibitoke upande wa pili, madereva na wafanyabiashara walikuwa wakielewana kwa Kiswahili muda mrefu kabla ya sheria yoyote. Burundi ilipofunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda mwezi Januari 2024, mtu wa Cibitoke hakuweza tena kuvuka Ruhwa kwenda kuweka shada la maua. Kwa mtu kama huyo tovuti si ziada.

Lakini kutafsiri menyu peke yake ni kujipaka rangi. Tutaandika nini juu ya mlango wa ushuhuda? "Waathirika" ni neno pana mno, hata aliyekumbwa na mafuriko ni mwathirika. "Wahanga" huwachanganya waliokufa na waliobaki. "Manusura" ndilo tunaloliona lafaa, ingawa lina kasoro yake: hutumika pia kwa ajali ya meli. "Mauaji ya kimbari" limezoeleka katika redio na magazeti ya Dar es Salaam na Nairobi, ila huenda msemaji wa Bukavu akaandika "jenosidi", na kisanduku cha kutafutia kinapaswa kumpokea yeye pia. Maneno haya yangeandikwa kwenye kadi, watu wa pande zote tatu za mpaka wakaombwa kuyapanga wanavyoyaelewa wao, kabla idara yoyote ya Kiswahili, hii yetu ikiwamo, haijatoa orodha ya istilahi.