Nyumba ya Mawe na Nyumba za Mianzi

Rafiki yangu mmoja alisoma sura ya tatu ya mswada wangu, akaniuliza: "Hii nyumba unayoisema ina mlango?" Nilikuwa nimeandika tu "jumba la kifahari la Mzungu mlimani", nikapita. Nilikasirika, lakini kwa kweli alikuwa na haki. Sisi waandishi vijana tunapenda kutaja majumba bila kuyaingia.

Basi mwaka jana nikadunduliza nauli, nikatoka hapa Ndandalo, nikavuka Songwe pale Kasumulu, nikapita Karonga hadi Chitimba, kisha nikaupanda mlima wa Khondowe kwa miguu, kona baada ya kona. Si mchezo! Nilikuwa naifuata Nyumba ya Mawe ya Daktari Robert Laws.

Laws alikuwa Mskoti wa Aberdeen. Misheni yao ya Livingstonia ilianzia Cape Maclear mwaka 1875, ikahamia Bandawe mwaka 1881, homa ikawaandama huko nako, mpaka wakapanda Khondowe mwaka 1894. Nyumba yenyewe ni ya mwanzoni mwa karne ya 20. Siku hizi ni makumbusho, na wageni hulala humo.

Ndugu msomaji, mimi si msanifu wa majengo, ni kijana niliyeishia kidato cha nne. Nahakiki kwa macho tu. Sikukuta ngome ya minara kama za mabwana wa Skoti. Nilikuta kuta nene za mawe, baraza pana, na ziwa chini kabisa, karibu mita 900. Uzuri wa nyumba hii uko barazani: jua linabaki nje, upepo unaingia. Lakini hapo hapo ndipo ninapoilaumu. Ni nyumba ya kutazama watu kutoka juu. Ukikaa pale kwa nusu saa unaanza kujiona mwenye ziwa. Na mawe yale hayakujichonga. Misheni ilifundisha vijana Waafrika uashi na useremala, lakini jina lililobaki midomoni mwa watu ni la Laws peke yake.

Nikiwa pale nikamkumbuka Mskoti mwingine, Joseph Thomson. Huyu alipita Unyakyusa mwaka 1879, ana miaka 21, umri wetu, kabla misheni haijafika Khondowe. Katika kitabu chake cha mwaka 1881 alizisifu nyumba zetu, unadhifu wake na migomba iliyozizunguka. Yaani Mskoti alishangaa kwetu kwanza!

Niliporudi nikamuuliza bibi: "Bibi, nyumba ya baba yako ilikuwaje?" Akacheka: "Mjukuu wangu, unataka kuolea humo?" Kisha akaeleza. Mianzi ilisimikwa ikiinamia nje kidogo, ikakandikwa udongo, juu nyasi. Ng'ombe walilala ndani, na moto haukuzimwa. Baraza ilikuwa kivuli cha migomba, na kila apitaye aliweza kukaa. Hiyo nayo ni sanaa ya ujenzi, tena haimtazami mtu kutoka juu.

Sisemi turudi kwenye mianzi. Mvua ya Kyela kila mtu anaijua, na bati ni bati. Ninachosema ni hiki: tumezoea kudhani nyumba ya mawe imedumu kwa sababu ya mawe, na yetu imepotea kwa sababu ya mianzi. Si kweli. Nyumba ya mianzi aliyoiona Thomson ingali imesimama, ila imesimama katika kitabu cha mgeni. Na kijiji cha rika, ambacho vijana wa Kinyakyusa waliondoka kwa wazazi wao na kujijengea wenyewe, nimekisoma kwa Monica Wilson, katika kitabu cha mwaka 1951. Sisi tuliozaliwa na wajukuu wa wajenzi hao tumeandika nini? "Jumba la kifahari."

Sura yangu ya tatu nimeichana. Ninaiandika upya, na safari hii ina nyumba mbili: ya mawe na ya mianzi. Zote zina milango, na fundi wa kila moja ana jina. Mwenye bibi au babu aliye hai na amuulize leo, maana mwakani huenda tukachelewa.